Shupaza Juu ya Ngozi

Mswahili anayechanganya karata hutamka Kireno bila kujua. Kopa, uru, pau na shupaza ni maneno yaliyoshushwa pwani na mabaharia wa Ureno, na turufu vilevile. Hata ree, karata yenye alama moja, imetokana na neno ambalo kwa Wareno ni mfalme. Katika safari ya baharini mfalme huyo alipoteza taji lake akawa moja; lakini kwa kuwa moja humpiga mfalme katika michezo mingi, haijulikani wazi kama alishushwa cheo au alipandishwa. Karata zenye picha za watu wazee wa pwani waliziita wazungu, na jina hilo halihitaji maelezo.

Mabaharia hao hao, na waliowafuata kutoka mataifa mengine ya Ulaya, walikuwa na desturi nyingine: kuchora ngozi. Neno tatuu lilitoka Tahiti na likaenea kwa Waingereza baada ya safari ya kwanza ya James Cook, aliyefika kisiwani humo mwaka 1769. Karata na tatuu vilikutana kwa urahisi juu ya mkono wa baharia, kwa sababu vyote viwili vilimfaa mtu mwenye muda mwingi melini, mshahara wa kupoteza bandarini, na hakika ndogo ya kurudi nyumbani. Mchoro mmoja wa zamani ulioenea sana huko Marekani huweka pamoja mwanamke, chupa, dadu na karata, yaani mambo yanayomwangamiza mwanamume. Norman Collins, fundi wa Honolulu aliyefariki mwaka 1973, aliuchora kwa namna nyingi hata ukahesabiwa kuwa wake. Aliyeuvaa alikuwa anajicheka mwenyewe kabla hajachekwa na wengine.

Durban ni bandari ya namna hiyo. Ukitoka gatini kuelekea kusini unakuta kilima kirefu kinachoitwa Bluff, na nyuma yake, kando ya reli, kitongoji cha viwanda cha Jacobs, kikiwa jirani na Clairwood, Wentworth na Merebank. Kwa sadfa, jina la kilima hicho ndilo wacheza poka walitumialo kwa hila ya kujifanya una karata usizokuwa nazo. Sheria ya Kamari ya mwaka 1965 ilipiga marufuku karibu kamari zote Afrika Kusini, isipokuwa kubeti farasi, ambako serikali iliamua kukuita michezo. Hivyo mfanyakazi wa Jacobs aliweza kutembea mwendo mfupi hadi uwanja wa farasi wa Clairwood na kupoteza ujira wake kihalali, lakini akiweka dau juu ya karata nne na mzungu mmoja katika chumba cha bweni alikuwa mhalifu. Hali hiyo ilidumu hadi sheria mpya ya mwaka 1996 ilipofungua mlango wa kasino. Kwa miaka thelathini na moja, basi, ree ya shupaza iliyochorwa mkononi ilitangaza jambo ambalo mkono wenyewe ulikatazwa kulitenda.

Ngozi zenye alama, hata hivyo, zilifika eneo hili kabla ya karata hizo. Kati ya mwaka 1873 na 1880 watu wapatao 500, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa na kupelekwa Durban. Uhuru waliopewa ulikuwa na masharti: waliandikishwa kufanya kazi kwa mikataba ya miaka mitano. Wakaitwa Wazanzibari, kwa sababu njia yao ilipitia Zanzibar, na kwa miongo mingi walikaa Kings Rest, juu ya kilima cha Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wakfu wa Waislamu mwaka 1899. Wasafiri wengi wa karne ya 19 walieleza nembo ya Wamakua: mwezi mchanga, au kwato ya farasi, uliochanjwa katika paji la uso. Kwa Mmakua aliyejua kusoma, alama hiyo ilikuwa jina la ukoo lisiloweza kuibwa. Kwa karani wa koloni ilikuwa njia rahisi ya kumtambua mtoro. Madaftari ya Natal ya wafanyakazi wa mikataba kutoka India yalikuwa na safu maalumu ya alama za mwilini, baada ya umri na kimo.

Neno nembo leo limehamia kwenye bendera, fulana za mpira na karatasi za serikali, na wachache hukumbuka kwamba lilianzia kwenye ngozi. Safari ya karata ya shupaza ilikuwa kinyume chake: ilianzia kwenye karatasi ya serikali ikaishia kwenye ngozi.

Mtu akitazama seti ya karata za Kiingereza atauliza kwa nini ree ya shupaza imepambwa kwa maua na mikunjo huku ree tatu nyingine zikiwa tupu. Jibu ni kodi. Uingereza ilitoza ushuru kwa kila seti, na ushahidi kwamba umelipwa ulikuwa chapa iliyopigwa juu ya karata hiyo. Mapambo yaliongezwa ili kuwashinda waghushi. Richard Harding alinyongwa mwaka 1805 kwa kughushi ree za shupaza. Kodi iliacha kupigwa juu ya karata hiyo mwaka 1862, lakini watengenezaji walibaki na mapambo, wakaweka majina ya viwanda vyao mahali pa jina la mfalme. Kwa hiyo kijana anayechorwa ree ya shupaza yenye mapambo yote, akiamini kwamba amejipatia alama ya mtu asiyetii amri ya yeyote, anachorwa stakabadhi ya ushuru ya Waingereza.

Chapa ni neno ambalo Waswahili walilipata kutoka India. Ndugu yake wa Kimalai alifika Rasi ya Tumaini Jema pamoja na watumwa wa Kiholanzi, akaingia katika Kiafrikaana cha magerezani, ambako tatuu huitwa tjappie. Na gereza, katika habari hii, haliko mbali na Jacobs. Hadithi ya asili ya magenge ya Namba, ambayo Jonny Steinberg aliikusanya kwa wafungwa mwanzoni mwa karne hii, husema kwamba kundi la 26 liliundwa katika gereza la Point, hapo kwenye mlango wa bandari ya Durban, kutokana na wanaume sita ambao Nongoloza aliwakuta ndani. Nongoloza alikuwa mtu halisi: Mzuzephi Mathebula, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1867, aliyetoa maelezo ya maisha yake kwa wakuu wa magereza mwaka 1912 na hatimaye akawa askari jela. Kazi ya 26 katika sheria za Namba ni kutafuta mali kwa werevu, si kwa damu, kwa hiyo alama za fedha na bahati huwafaa. Lakini karata za gerezani haziwekwi kwa bahati. Alama isiyostahiliwa hudaiwa maelezo, na aliyeichora kwa kujipamba tu hugundua usiku wa kwanza kwamba ameandika hundi isiyo na fedha benki.

Ufundi wa gerezani una sheria nyingine, ya rangi. Wino hutengenezwa kwa masizi, ya mpira uliochomwa au ya chochote kinachotoa moshi mweusi, huchanganywa na maji, na huingizwa kwa sindano nukta baada ya nukta. Nyekundu haipatikani kwa urahisi. Ndiyo maana shupaza na pau hutawala, na kopa huonekana mara nyingi kama mstari mtupu usiojazwa, moyo wenye uwazi ndani. Mtu angeweza kuandika ushairi juu ya moyo huo. Sababu yake ni ukosefu wa wino.

Nje ya gereza, mashine ya umeme iliyosajiliwa na Samuel O'Reilly huko New York mwaka 1891 iliondoa udhuru huo, na hapo ndipo ubora na ubovu vilipoanza kutegemea macho ya fundi. Karata ni mtihani mkali kwa sababu kila mtu amewahi kushika moja. Ua likikosewa petali hakuna atakayejua, lakini saba ya uru yenye alama nane itachekwa na mtoto. Mfalme wa kopa katika karata za Kiingereza hana masharubu, na upanga wake umepita nyuma ya kichwa kana kwamba anajiua. Mfalme wa uru huonekana kwa upande, jicho moja, na mkononi ana shoka. Maghulamu wa shupaza na kopa nao wana jicho moja moja. Fundi asiyecheza humpa kila mmoja macho mawili, upanga na ndevu, akidhani anarekebisha. Kosa la kawaida zaidi ni kugeuza nusu ya chini ya karata kama taswira ndani ya maji, ilhali karata huzungushwa, haiakisiwi: kichwa cha chini hutazama upande ulio kinyume na cha juu, na tarakimu hukaa kwenye pembe mbili zinazokabiliana. Mkono wenye karata iliyoakisiwa hauwezi kurekebishwa bila kuongeza wino juu ya wino.

Kisha kuna umri. Wino hauketi mahali ulipowekwa; mistari hunenepa mwaka hadi mwaka. Tarakimu ndogo za pembeni ndizo zinazokufa kwanza, na 10 hugeuka doa. Kazi zinazodumu ni zile ambazo fundi alikubali kuacha: karata moja au mbili, kubwa, zenye mistari minene na ngozi tupu ya kutosha katikati. Karata tano zilizopangwa kwa umbo la pepeo juu ya kifundo cha mkono hupendeza kwa muda, kisha huwa uzio mbovu.

Hata hivyo mkono wa karata tano ndio unaopendwa, hasa kuanzia kumi hadi ree za aina moja, mkono usioshindwa katika poka. Ni mikono minne tu ya namna hiyo kati ya 2,598,960, yaani mmoja kati ya 649,740. Mapenzi haya yaliongezeka baada ya mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi yake kupitia mchezo wa intaneti, aliposhinda dola milioni 2.5 huko Las Vegas. Kuna jambo la ajabu katika kuuvaa mkono huo. Poka ni mchezo wa kuficha. Anayeonyesha karata zake kabla ya dau ameshapoteza. Na mkono usioshindwa, ukionekana na wote, haumpati mtu wa kuweka dau dhidi yake. Lemmy Kilmister, mwanamuziki wa Uingereza aliyechorwa ree ya shupaza na kuiimbia, alikiri kwamba yeye alipenda zaidi mashine za kamari za baa kuliko karata.

Wanaojua hadithi huchagua mkono wa marehemu: ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi, ambazo inasemwa Wild Bill Hickok alizishika alipopigwa risasi kisogoni huko Deadwood, tarehe 2 Agosti 1876. Habari hiyo ya karata ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1926, nusu karne baada ya kifo, na karata ya tano haikuwahi kukubaliwa. Kwa hiyo kila mchoraji huweka anayoitaka: bibi wa kopa, karata iliyofunikwa, au nafasi yenye tone la damu. Katika michoro yote ya poka huu ndio unaomwachia mvaaji neno la kusema.

Wazanzibari wa Kings Rest hawakuachiwa neno kama hilo. Kwa Uislamu wao tatuu ilikatazwa na kamari pia, na kadiri waliozaliwa Durban walivyochukua nafasi ya waliotoka Msumbiji, nembo za usoni zilitoweka. Lakini serikali ya ubaguzi iliendelea kusoma ngozi isiyo na alama yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliamua kwamba Wamakua hawa si Wabantu bali Waasia wengine, ikawaondoa juu ya kilima na kuwahamishia Chatsworth, miongoni mwa Wahindi. Jirani zao waliobaki kusini walipangwa vivyo hivyo: Wentworth kwa machotara, Merebank kwa Wahindi, Lamontville kwa Waafrika, na mabweni ya Jacobs kwa wanaume waliotakiwa kufanya kazi bila kuleta familia.

Ni katika vitongoji hivyo kwamba shupaza imepata kazi yake ya mwisho. Mwajiri na askari husoma mkono kabla ya cheti, na mwanamume aliyetoka gerezani akiwa na 26 kwenye kiganja au shingo hutafuta namna ya kuifunga. Kufuta kwa leza ni ghali na huchukua vikao vingi. Kufunika ni nafuu, na ili kufunika wino mweusi huhitajika umbo jeusi, zito, lisilo na uwazi ndani, ambalo mtu akiliona hatauliza limeficha nini. Majani na ndege hawatoshi. Ree ya shupaza inatosha: tumbo lake pana hulala juu ya tarakimu mbili, na mkia wake hujificha kwenye mkunjo wa ngozi. Fundi mzuri huichora kubwa mara mbili au tatu kuliko alama ya zamani na huacha kingo zake safi. Lakini sindano ya gerezani huchoma kwa kina kisicho sawa na huacha makovu yaliyoinuka, ambayo wino mpya hauyalazi. Machoni ni karata tu. Kidole kikipita juu yake, bado kinakutana na mbili, kisha sita.