Sauti Kutoka Angani Juu ya Rufiji

Aliyepata kungoja ndege katika kiwanja cha Lodwar anajua kwamba rubani hupenda kuondoka alfajiri. Joto la mchana likizidi, hewa huwa nyepesi, na mabawa hukosa cha kushika. Taabu hiyo aliijua sana John Cull, rubani wa jeshi la maji la Uingereza, mwaka 1915.

Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Mtu wa kwanza kuiona kutoka angani alikuwa raia tu, Dennis Cutler, aliyekodiwa huko Durban pamoja na eropleni yake ya kutua majini. Safari ya kwanza alipotea njia. Mwezi huo huo wa Novemba akaiona. Desemba injini ilimharibikia, akatua mtoni, akatekwa.

Ndipo akaja Cull. Eropleni zake za kwanza zilishindwa na joto; hata gundi iliyoshika mbao iliachia! Mwishowe zililetwa nyingine zenye magurudumu, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915, manowari Severn na Mersey ziliingia mtoni. Wapiga mizinga hawakuweza kumwona adui kwa ajili ya msitu. Macho yao yalikuwa Arnold, mwenzake Cull, aliyewaeleza kwa simu ya upepo kila kombora lilipoanguka. Basi eropleni ikapigwa. Wakiwa wanashuka bila injini, Arnold alituma habari kwamba wamepigwa, iletwe mashua. Kisha, jamani, akaendelea kusahihisha shabaha! Walianguka majini, eropleni ikapinduka, na Cull akazama akiwa amefungwa mkanda. Alijinasua, wakaokolewa wote wawili.

Siku ile Wajerumani waliilipua Königsberg wenyewe. Lakini mizinga yake 10 waliitoa, ikakokotwa bara, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918. Cull na Arnold walipewa nishani. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo, wa pande zote mbili, walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.