Mazoezi ya uzito kwa mtoto anayekimbia: mambo ambayo mzazi anapaswa kujua

Karatu inajulikana kwa wakimbiaji. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hata leo, watoto wengi wa Karatu na Ngorongoro wanatamani kuchaguliwa kwenye UMITASHUMTA au UMISSETA.

Mwalimu wa michezo akisema mtoto afanye mazoezi ya uzito, wazazi wengi huingiwa na hofu. Makala hii inajibu maswali wanayouliza mara kwa mara.

Mazoezi ya uzito ni nini?

Ni mazoezi yanayoifanya misuli isukume, ivute au inyanyue kitu kizito. Kitu hicho kinaweza kuwa mwili wa mtoto mwenyewe, chupa ya maji, mfuko wa mchanga au vyuma.

Yanamsaidiaje mkimbiaji?

Kila mguu unapotua chini wakati wa kukimbia, hupokea mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili. Misuli ikiwa dhaifu, goti huingia ndani, nyonga hushuka, na mtoto huchoka mapema. Misuli ikiwa imara, hutumia nguvu kidogo kwa mwendo uleule, na hubakiwa na akiba ya kumalizia mbio. Pia hupunguza uwezekano wa kuumia goti na ugoko, hasa kwenye njia za milima na mabonde.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya kukimbia. Yanaongezwa juu yake.

Je, mtoto atadumaa?

Hapana. Mazoezi yanayosimamiwa vizuri hayazuii mtoto kurefuka. Udumavu husababishwa zaidi na lishe duni na magonjwa ya mara kwa mara katika miaka ya mwanzo ya maisha. Hatari iliyopo ni kuumia, pale mtoto anaposhindana na wenzake kunyanyua uzito mkubwa au anapoachwa bila msimamizi.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Je, binti atakuwa na mwili wa kiume?

Hapana. Mwili wa msichana una homoni kidogo sana ya kujenga misuli mikubwa. Atapata nguvu, na mifupa yake itakuwa imara zaidi, jambo litakalomfaa hata uzeeni.

Anabeba ndoo na kuni kila siku. Hiyo haitoshi?

Haitoshi, tena inaweza kumrudisha nyuma. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina zaidi ya kilo 20. Mzigo huo hukandamiza shingo na mgongo, na hauongezwi kidogo kidogo kulingana na uwezo wa mtoto. Akichoka, bado analazimika kufika nyumbani.

Kwa hiyo, kazi za nyumbani zihesabu kama sehemu ya uchovu wake. Siku aliyochota maji mbali, asifanye mazoezi ya uzito. Inapowezekana, gawa kazi hizo kati ya watoto wote, wa kike na wa kiume.

Aanze vipi?

Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zisizofuatana. Apashe mwili joto kwanza, kisha afanye kila zoezi mara 8 hadi 15, apumzike, na arudie:

- Kuchuchumaa na kuinuka, visigino vikiwa chini
- Kupanda na kushuka kwenye tofali au ngazi imara, mguu mmoja mmoja
- Kusimama kwa vidole vya miguu na kushusha visigino polepole
- Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua kiuno
- Pushapu, hata kwa kuegemea ukuta

Akifanya yote kwa mpangilio mzuri bila kuyumba, ashike chupa za maji. Chupa ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu. Uzito uongezwe taratibu. Mpangilio ukiharibika, uzito umezidi.

Chakula na usingizi

Misuli hujengwa wakati wa kupumzika. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ampatie mwili ugali au viazi pamoja na maharage, mbaazi, ngwara, dagaa, mayai au maziwa, na mboga za majani. Asiende mazoezini na njaa. Kama chakula nyumbani ni kidogo, mazoezi nayo yapunguzwe.

Mpeleke kituo cha afya ukiona:

- Maumivu ya mfupa au kiungo yasiyoisha baada ya siku kadhaa, au yanayomwamsha usiku
- Goti au kifundo cha mguu kuvimba, au kuchechemea
- Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi kupita kiasi
- Kukonda, au uchovu usioisha
- Binti aliyekuwa akipata hedhi kukaa miezi 3 bila kuipata. Huenda hali chakula cha kutosha, lakini ujauzito na sababu nyingine pia zichunguzwe. Zungumza naye bila kumgombeza.

Mwombe mwalimu akuonyeshe mazoezi anayompa mtoto wako. Ukiyajua, utaweza kumwangalia nyumbani na kumsimamisha anapozidisha.