Aliyeanguka Ulingoni Asiachwe Peke Yake

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii napenda tumtazame kijana ambaye kwa kawaida hatumtazami. Mshindi wa pambano la ngumi tunamjua. Tunambeba mabegani, tunampigia honi kutoka uwanjani mpaka Darajani, na kesho yake jina lake liko katika kila baraza. Lakini ulingoni hupanda wawili. Yule wa pili hushuka kwa ngazi ileile, uso umevimba, taulo kichwani, na watu humpisha njia bila ya kumtazama machoni. Ikiwa ni kijana mwenye kipaji, aliyekuwa akisifiwa mtaani kwao kuwa hana mpinzani, basi miezi michache inayofuata ndiyo itakayoamua kama atakuwa bondia kweli, au atabaki kuwa mtu aliyewahi kupigana ngumi.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu Zanzibar, na sababu yake iko katika historia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, katika utawala wa Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, mchezo wa ngumi ulipigwa marufuku Visiwani. Marufuku hiyo ikadumu zama za marais saba, hata ikaondolewa chini ya Rais wa nane, Dk. Hussein Ali Mwinyi. Mwezi wa Agosti 2023 mabondia walipigana hadharani katika Uwanja wa Mao Zedong, na watu wakajaa kuwatazama. Tarehe 27 Januari 2024 zamu ikawa ya Amaan, ambako Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda Mbiya Kanku wa Kongo kabla ya raundi kumalizika. Karibu miaka sitini ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mapinduzi aliweza kwenda kutazama ngumi hizo akiwa amemshika mjukuu wake mkono.

Sasa tujiulize: katika miaka yote hiyo tulipoteza nini? Wengine watasema tulipoteza mabingwa. Mimi nasema tulipoteza pia wazee. Ngumi ni mchezo unaorithishwa kwa mdomo na kwa mkono. Kule Dar es Salaam, kijana aliyepigwa Jumamosi akienda Jumatatu kwenye mazoezi yake Manzese au Temeke, atamkuta mtu mzima ameketi kwenye benchi, pua yake imepinda, ambaye naye alipigwa vilevile miaka thelathini iliyopita. Mzee huyo hatatoa hotuba. Atamwambia tu: "Mwanangu, mkono wako wa kulia ulikuwa chini. Njoo nikuoneshe." Hapa Unguja, aliyetaka ngumi ilimbidi apande boti avuke bahari, na wengi waliovuka walibaki hukohuko. Kwa hiyo leo tunao vijana wenye nguvu na hamu, tunao ulingo, lakini lile benchi la wazee ni jepesi sana.

Na Mji Mkongwe, kama mjuavyo, hauna pa kujificha. Vichochoro ni vyembamba, na kila kona ina watu wake. Kijana aliyeshindwa akitoka kununua mkate asubuhi atapita mbele ya wacheza bao, atapita mbele ya wanywa kahawa pale Jaws Corner, na kabla hajafika dukani ameshasikia uchambuzi wa pambano lake kutoka kwa watu ambao hawajavaa glovu hata siku moja. Maneno hayo humsukuma upande mmoja kati ya miwili. Ama hujifungia ndani na kuacha mchezo kwa aibu, ama hukimbilia kutafuta pambano jingine wiki ileile ili afute aibu yake. Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili inaweza kuwa ya hatari zaidi.

Hebu tutazame historia inatufundisha nini. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa na kijana mmoja, Joe Louis, mwenye umri wa miaka 22, ambaye alikuwa hajashindwa tangu aanze ngumi za kulipwa. Tarehe 19 Juni mwaka huo alipambana jijini New York na Mjerumani Max Schmeling, mtu wa miaka 30, ambaye wengi walimwona kuwa jua lake limeshakuchwa. Louis alijua hivyo pia, na siku za mazoezi alitumia saa nyingi akicheza gofu. Lakini Schmeling alikuwa amekaa na filamu za mapambano ya Louis, akazitazama kwa makini, na akaona kasoro moja. Kila Louis alipotoa ngumi yake ya kushoto na kuirudisha, mkono ule ulirudi chini, na shavu likabaki wazi. Katika raundi ya 4 Schmeling akamwangusha kwa konde la kulia lililopita mahali hapohapo. Katika raundi ya 12 akamwangusha tena, na safari hii Louis hakuinuka mpaka hesabu ikaisha.

Ndugu wasikilizaji, zingatieni kilichofuata. Louis hakuambiwa kuwa yeye si kitu, wala hakuambiwa kuwa ameonewa. Mwalimu wake, Jack Blackburn, mzee aliyekuwa bondia zamani, alimrudisha darasani kwenye jambo lile dogo la mkono wa kushoto. Tarehe 18 Agosti, miezi miwili baadaye, akapewa bingwa wa zamani, Jack Sharkey, akamshinda katika raundi ya 3. Juni 1937 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Na tarehe 22 Juni 1938, miaka miwili na siku tatu tangu kupigwa kwake, akakutana tena na Schmeling katika uwanja uleule, akamaliza kazi katika raundi ya kwanza, kwa muda wa sekunde 124. Ubingwa huo aliushika mpaka mwaka 1949. Kijana aliyepigwa na kijana aliyeshinda walikuwa ni mtu mmoja, ila kasoro yake ilikuwa imetafutwa, ikapewa jina, na ikafanyiwa kazi.

Mfano mwingine unatoka Afrika yetu hii. Mwaka 1982 Azumah Nelson wa Ghana alikuwa na mapambano machache ya kulipwa na hakujulikana sana nje ya kwao. Kwa taarifa ya muda mfupi aliitwa New York kuziba nafasi ya bondia mwingine, na mtu wa kupambana naye alikuwa Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya. Nelson alisimama naye raundi baada ya raundi, akashindwa katika ile ya 15, ya mwisho. Angeweza kurudi Accra akaishi kwa kusimulia jinsi alivyokaribia. Badala yake aliichukua raundi ile ya 15 kuwa kipimo cha kile kilichopungua. Desemba 1984 alikwenda San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa Wilfredo Gómez, akamwangusha katika raundi ya 11, na mkanda wa dunia ukaja Ghana.

Hata sisi Watanzania tunayo mifano yetu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 kule Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na kijana wa Kiingereza aliyeitwa John Conteh. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia. Ndipo ilipoonekana wazi thamani ya fedha aliyorudi nayo Simba. Funzo lake ni kwamba kabla ya kukihukumu kipigo, uliza kwanza aliyekipiga ni nani. Kupigwa na mtu aliyekuzidi madarasa matatu hakuna maana sawa na kupigwa na mwenzako kwa uvivu wa mazoezi.

Na huyo Mwakinyo tuliyemshangilia pale Amaan, naye alikuwa ameshapita njia hiyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham bila ya kutarajiwa, akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya 2, na nchi nzima ikasimama. Septemba 2022 akaenda Liverpool kwa Liam Smith, akashindwa katika raundi ya 4, mwenyewe akisema ameumia mguu. Maneno aliyopokea kutoka kwa baadhi ya waliomshangilia jana yake yalikuwa makali kuliko makonde ya Smith. Hata hivyo alirudi kazini, na mwaka na miezi minne baadaye sisi ndio tuliokuwa tukimpigia makofi. Msimsahau na yule Eggington. Aliyepigwa nyumbani kwao na mtu asiyemjua, mwaka 2022 alivaa mkanda wa dunia wa IBO.

Lakini kabla ya kasoro kutafutwa, kabla ya mwalimu kusema neno lolote, kuna jambo linalotangulia yote, nalo ni kichwa cha kijana. Ngumi huua. Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya ulingoni, na alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Kanuni za ngumi za ridhaa duniani kwa miaka mingi zimeelekeza kwamba bondia aliyeangushwa kwa makonde ya kichwa akashindwa kuendelea asipigane, hata mazoezini, kwa muda usiopungua siku 30. Yakimfika hayo mara 2 katika miezi 3, apumzike siku 90. Yakimfika mara 3 katika miezi 12, akae nje mwaka mzima. Ubongo uliotikiswa hauoneshi kidonda, na konde jepesi la wiki ya pili linaweza kufanya ambalo konde zito la wiki ya kwanza halikufanya. Mama wa nyumbani naye ajue hili: kijana akirudi kutoka ulingoni akalalamika kichwa kinazidi kuuma, akatapika, au akawa na usingizi usio wa kawaida, hiyo si ya kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali usiku uleule.

Baada ya mapumziko ndipo kazi inaanza, nayo ina utaratibu wake. Kwanza kijana akae na mwalimu wake watazame picha za pambano, maana siku hizi hata simu ya mkononi hurekodi. Watazame mara ya kwanza bila ya kusema. Mara ya pili wasimamishe pale alipopigwa, na warudi nyuma sekunde kumi, kwa sababu kosa huwa halipo pale konde lilipofika. Mara nyingi lipo katika mguu uliokanyaga vibaya kabla yake, au katika pumzi iliyokwisha raundi mbili nyuma. Pili wachague kasoro moja, au mbili kwa wingi. Anayetaka kurekebisha mambo kumi kwa mwezi mmoja hatarekebisha hata moja. Tatu, mpinzani wa kurudi naye achaguliwe kwa akili. Asiwe mtu wa kuangushwa kwa pumzi, maana hapo kijana hatajifunza kitu, wala asiwe yule yule aliyempiga, maana jeraha bado bichi. Louis alipewa Sharkey kwanza. Schmeling alingoja.

Na ikiwa baada ya yote hayo kijana mwenyewe ataona kuwa ngumi si zake, basi aache kwa heshima, na mtaa usimcheke. Kuacha kwa kupima si sawa na kukimbia.

Wapo watakaosema kwamba sisi Wazanzibari tumechelewa mno, hatuna urithi wa mambo haya. Si kweli. Katika miaka ya 1990, ngumi zikiwa bado zimezuiwa, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuwafundisha judo vijana wa hapa Unguja. Na katika judo, kila mwanafunzi kabla ya kufundishwa kumwangusha mwenzake hufundishwa kuanguka: namna ya kuficha kichwa, namna ya kuipiga sakafu kwa mkono, namna ya kuinuka. Kwa hiyo wapo watu wazima kisiwani hapa ambao somo lao la kwanza la michezo lilikuwa ni kuanguka. Na kule Makunduchi, kila Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba mbele ya mji mzima, kisha wakamaliza, wakala pamoja, na hakuna anayerudi nyumbani akiwa amebeba aibu ya siku ile. Busara hiyo tunayo. Kilichobaki ni kuipeleka ulingoni.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nawaomba wanaosimamia mchezo huu Visiwani wasihesabu mikanda tu. Daktari awepo kila ulingo unapofungwa, na neno lake liwe la mwisho. Mabondia wa zamani, wa hapa na wa Bara, waitwe waje wakae na vijana wetu, khasa wale waliowahi kupigwa, maana wanajua njia ya kurudi. Na sisi wa barazani, kijana aliyeshindwa akipita kesho asubuhi, tusimpishe njia kwa kutazama chini. Tumwite, tumpe kikombe cha kahawa, tumuulize hali ya kichwa chake. Mengine atayasikia kwa mwalimu wake.