Gari la Chama na Meno ya Difu

Tutazamapo nyuma miaka kumi hii, si haki kulisahau Land Rover letu kuukuu, lililobeba pamba yetu mvua na jua.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1948. Kwa miaka mingi difu zake nyingi zilikuwa na gia kubwa ya meno 47, ikizungushwa na ndogo ya meno 10, yaani 4.7 kwa 1: mwendo wa pole, nguvu mlimani. Mwaka 1970 ikaja Range Rover yenye 3.54 kwa 1, na baadaye mafundi wakazihamishia difu hizo katika Land Rover kuukuu ili ziende mbio.

Nasi tukashawishika. Fundi alibadili difu ya nyuma peke yake, nami nikatia sahihi malipo bila kuuliza. Kiangazi gari lilikwenda vema. Masika dereva alipounga magurudumu ya mbele, ekseli mbili zilishindana, gia zikavunjika, na pamba ya wanachama ikalala matopeni.

Tangu hapo twapima kwanza. Gia ikiwa huru na ya mbele haikuungwa, zuia magurudumu kwa mawe, inua moja la nyuma kwa jeki, lizungushe mara mbili kamili, uhesabu mizunguko ya propela shafti. Tano kasorobo hivi ni 4.7, tatu na nusu hivi ni 3.54. Ekseli ya mbele ipimwe vivyo hivyo. Zisipolingana, gari lisitoke.

Ushirika nao ni hivyo: wa mbele na wa nyuma wasipokwenda kwa kadiri moja, mzigo haufiki.