Nyumba kongwe za Eastlands: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzipanua

Nyumba nyingi za mawe katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, zilijengwa kwa ajili ya familia ndogo za enzi nyingine. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, una nyumba fupi za mawe zilizoezekwa vigae. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano tangu 1973. Leo wakazi wanahitaji jiko pana, bafu la ndani au chumba cha kukodisha.

Swali la kwanza ni la umiliki. Nyumba za Kaloleni ni mali ya serikali ya kaunti. Mpangaji anayeongeza chumba huwekeza katika mali isiyo yake, na mtaa ukibomolewa jasho lake huenda likapotea. Buruburu, nyumba ziliuzwa kwa wananchi. Hata hivyo, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 humtaka mmiliki apate idhini ya kaunti kabla ya kujenga.

Pili ni udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Msingi wa chumba kipya sharti uchimbwe hadi kwenye mwamba au udongo imara. Aidha, ukuta mpya ukifungamanishwa na wa zamani bila ushauri wa mhandisi, nyufa hutokea pale unapoungana nao, kwa kuwa wa zamani umekwisha kutulia ilhali mpya ungali unadidimia.

Tatu ni uzito. Msingi uliokusudiwa kubeba paa pekee haukuandaliwa kubeba ghorofa. Mhandisi aukague kwanza, hata kama jirani ameshajenga. Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma na kuua makumi ya watu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usizibwe kabla ya kujulikana chanzo chake. Pakaa plasta nyembamba juu yake, andika tarehe, kisha usubiri msimu wa mvua upite. Plasta ikipasuka, nyumba ingali inasogea, na fedha zako zianzie kwenye msingi, si kwenye rangi.