Wazee wa Uwanja wa Majani

Kila isikikapo habari ya washarika kuteta na dayosisi yao juu ya shamba, sadaka au uhamisho wa mchungaji, hudaiwa kwamba siasa imepenya kanisani, kana kwamba Kanisa la Kilutheri la mlima Kilimanjaro, tangu wamisionari wa Leipzig walipotua Machame mwaka 1893, lilipata kuendeshwa bila mashauri.

Aliyeyatafakari mashauri hayo kuliko wenzake alikuwa mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na baadaye kufanya kazi Moshi ya Kale hadi 1938. Klaus Fiedler, ambaye kitabu chake juu ya wamisionari hao ndicho ninachokitegemea hapa, amsifu mno, wala si bure. Kwani Gutmann, aliyezikusanya sheria za Wachagga katika kitabu kikubwa cha mwaka 1926, alitambua ya kuwa kwao hukumu haitoki kinywani mwa mtu mmoja bali katika baraza la wazee walioketi kwenye uwanja wa majani, ukoo ukijibu mbele ya ukoo na jirani mbele ya jirani. Basi kanisa nalo akalisimamisha juu ya nasaba, ujirani na rika, wazee wakasuluhisha ndoa na ugomvi, na vijana wa kipaimara wakaunganishwa katika vikundi vya kuchungana.

Mtihani ulikuja mwaka 1920, Waingereza walipowafukuza Wajerumani. Milango ya makanisa haikufungwa: walimu wa Kichagga walifundisha na kuongoza ibada, wazee wakaamua kesi zao, hata kabla ya Walutheri wa Marekani kuja kusaidia. Gutmann aliporejea katikati ya miaka ya 1920, aliwakuta watu waliokwisha kuonja hatamu. Yeye alikishikilia Kichagga na ukoo. Walimu wengi walitaka Kiswahili, elimu ya juu na nafasi yao wenyewe. Fiedler ana huruma kwa mzee wake; mimi naona walimu walikuwa na haki, maadamu mtu awezaye kulitunza kanisa bila mzungu hana sababu ya kungojea miaka mingine kabla ya kuwekewa mikono. Wachungaji Waafrika walipatikana miaka ya 1930.

Yaliyofuata yajulikana: tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Tangu hapo mambo makubwa yameandikwa katika katiba na kupelekwa kwenye halmashauri na mkutano mkuu, na uwanjani baada ya ibada aghalabu umebaki mnada wa ndizi na kuku, ambao, fauka ya kuchangamsha, haumwulizi mtu rai yake. Wameru wa mlima Meru waliona kwamba nao hawaulizwi, wakaasi mamlaka ya dayosisi yao iliyoongozwa kutoka mji wa Moshi kati ya 1990 na 1993, ugomvi ukafika kwenye umwagaji wa damu kabla hawajapewa dayosisi yao. Wilaya ya Mwanga nayo baadaye imepewa ya kwake.