Mwenye Pesa Ndiye Aliyetunga Maswali

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikadiriwa kuwa na watoto 500,000 hivi waliokuwa wakilelewa nje ya kwao chini ya dhamana ya serikali, wengi wao katika familia za malezi ya kambo. Hakuna aliyekuwa amewahesabu mmoja mmoja. Majalada yao yalikaa makabatini katika ofisi za kaunti, na mtoto aliyehamishwa nyumba hii hadi ile aliweza kutimiza miaka 18 bila mtu yeyote makao makuu ya jimbo kujua alipitia mikono ya nani.

Juni 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyokusudia kukomesha hali hiyo. Jimbo lililotaka nyongeza ya fedha kutoka Washington lilitakiwa kwanza kuhesabu kila mtoto aliyekaa zaidi ya miezi sita mikononi mwa serikali. Kisha lilitakiwa kuwa na mfumo wa taarifa unaoweza kusema, wakati wowote, mtoto huyo ni nani, hali yake ikoje, yuko wapi, na kuna mpango gani juu yake: arudi kwa wazazi, aasiliwe, au vinginevyo.

Maswali yalikuwa mazuri, ila kila jimbo liliyajibu kwa namna yake. Takwimu za taifa zilikusanywa kwa hiari, na yaliyohesabiwa huku hayakuhesabiwa kule. Mwaka 1986 Bunge liliagiza uwepo utaratibu mmoja wa lazima, lakini kanuni zake zilikuja kutangazwa Desemba 1993. Utaratibu huo, AFCARS, ulidai vipengele 66 kwa kila mtoto wa malezi ya kambo na 37 kwa kila aliyeasiliwa, vitumwe Washington mara mbili kwa mwaka.

Majimbo yangevipata wapi? Mwaka huohuo wa 1993 Bunge lilikuwa limeshafungua mkoba. Jimbo litakalojenga mfumo wa kompyuta wa ustawi wa watoto, uliopewa jina la SACWIS, lingerudishiwa dola 75 katika kila 100 za ujenzi. Ofa hiyo ilikuwa ya miaka mitatu, ikaongezwa mmoja, kisha mchango wa Washington ukashuka hadi nusu. Sharti kubwa lilikuwa moja: mfumo uwe mmoja kwa jimbo zima, na kazi yote ifanyikie humo.

Kazi yote maana yake ni hii. Simu inaingia kwamba mtoto fulani anapigwa. Mpokeaji anafungua ukurasa, anaandika jina, anwani na tuhuma. Msimamizi anaidhinisha, ofisa anapangiwa, na muda wa kuchunguza unaanza kuhesabika. Mtoto akiondolewa nyumbani, zinajazwa tarehe, sababu, familia aliyopelekwa na siku ya kufika mahakamani. Malipo ya mwezi ya familia inayomlea nayo yanatoka humohumo.

Mbio za kuwahi ruzuku zilikuwa kali. California, yenye kaunti 58, iliipa kampuni ya IBM kazi ya kuwajengea maofisa wake wote mfumo mmoja. Kwingine mambo yalikwama. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipochunguza mwaka 2003, majimbo 47 yalikuwa yakijenga au yakitumia mifumo hiyo, na ucheleweshaji ulianzia miezi miwili hadi miaka minane. Wakaguzi waliona pia kuwa takwimu hazikuaminika vya kutosha. Maofisa hawakufundishwa ipasavyo, na taarifa nyingi ziliingizwa nusunusu au kimakosa.

Florida ilikuwa imeshalionja hilo kwa uchungu. Aprili 2002 idara ya ustawi wa watoto ya jimbo hilo iligundua kwamba mtoto wa kike wa Miami, aliyekuwa na miaka minne alipoonekana mara ya mwisho, hajulikani alipo kwa takriban miezi 15. Ofisa wake alipaswa kumtembelea kila mwezi. Ziara hazikufanyika, ingawa taarifa ziliandikwa kana kwamba zimefanyika. Mkuu wa idara alijiuzulu mwaka huo. Aliyekuwa akimlea alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa utekaji na ukatili, na mtoto hajapatikana hadi leo. Ziara ya uongo ikishaandikwa, jalada la karatasi na kompyuta ya mamilioni huihifadhi sawasawa.

Mwaka 2006 sheria mpya iliyataka majimbo yaripoti ni asilimia ngapi ya watoto wanatembelewa kila mwezi, na lengo likawekwa: asilimia 90 kufikia Oktoba 2011. Kipengele kingine kikaongezeka kwenye kompyuta ya ofisa.

Kanuni za mwaka 2016 zililegeza kamba. Mifumo ya sasa, CCWIS, inaruhusiwa kujengwa vipande vipande na kubadilishana taarifa na mahakama, shule na bima ya afya. Mwaka huo kaunti ya Allegheny, ulipo mji wa Pittsburgh, ilianza kutumia data ilizokuwa imelimbikiza kukisia hatari: simu ikiingia, kompyuta inatoa alama kati ya 1 na 20. Wakosoaji, akiwemo mwandishi Virginia Eubanks, wanasema data hizo zimejaa habari za maskini, kwa kuwa ndio wanaotegemea huduma za serikali, na kwa hiyo ndio wanaoonekana hatari. Oregon iliachana na chombo chake cha aina hiyo mwaka 2022.

Afrika Mashariki nayo imo njiani. Kenya ina CPIMS, mfumo wa Idara ya Huduma za Watoto uliojengwa kwa msaada wa wafadhili, wakiwemo UNICEF na USAID. Historia ya Marekani haisemi misaada ya namna hiyo ikataliwe. Bila zile dola 75, majimbo mengi yangebaki na makabati. Inachoonyesha ni kwamba anayelipa hutunga maswali kwa haja yake, na haja yake kwa kawaida ni hesabu ya mwisho wa mwaka. Afisa wa watoto anahitaji kujua mtoto huyu alilala wapi jana na nani alimwona kwa macho. Maswali hayo yaandikwe na idara yenyewe, kabla ya mkataba kutiwa saini.